Mazungumzo kwa Vikundi vya Maji: Mzee Mukusya, Simon Maddrell na Mabwawa ya Mchanga

(Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa kamati za maji na vikundi vya kujisaidia.)



Katika mabaraza ya wadi, swali la maji huja mara nyingi kwa sura moja: mfadhili atakuja lini? Leo jibu litapitia Kola, kule Machakos. Huko kuna kisa cha shirika dogo la hisani kutoka Uingereza ambalo lilipoanza, wenyeji walikuwa kazini zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1978 Mzee Joshua Mukusya na mkewe Rhoda, pamoja na majirani, walianzisha kikundi cha kujisaidia cha Utooni. Shida yao mnaijua vizuri. Mvua ikinyesha, mto unafurika kwa saa chache, maji yanapita kwa kishindo kuelekea baharini, na baada ya muda si mrefu pamebaki mchanga mkavu. Kinachofuata ni punda, jerikeni na mwendo mrefu. Wana Utooni walichukua mwethya, desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi kwa zamu, wakaipeleka mtoni kujenga ukuta. Mabwawa ya mchanga hayakuwa kitu kipya kabisa Ukambani, kwani yalijengwa huko hata wakati wa mkoloni. Kipya kilikuwa kwamba sasa wanakijiji ndio walioamua yajengwe wapi na nani atabeba mawe.

Kwa ambao hawajaliona bwawa la namna hii, ni ukuta wa mawe na saruji unaokatiza mto wa msimu, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Misimu michache ikipita, nyuma ya ukuta pamejaa mchanga, na mgeni anaweza kusema bwawa limeharibika. Halijaharibika. Katikati ya chembe za mchanga kuna maji, na yanaweza kufika asilimia 40 ya ujazo wote. Jua haliyafikii kwa urahisi, mbu hawapati pa kutagia mayai, na mchanga wenyewe unayachuja. Watu huyateka kwa kisima kifupi chenye pampu ya mkono, au kwa bomba lililopitishwa ndani ya ukuta.

Mwaka 1985 kijana kutoka Uingereza, Simon Maddrell, alifika Ukambani na kukutana na Mzee Mukusya. Ilipita miaka 17 kabla ya jambo lolote rasmi kutokea. Mwaka 2002 Maddrell alianzisha Uingereza shirika lililoitwa Excellent Development, kwa ushirikiano na Mzee Mukusya. Baadaye shirika hilo lilichukua jina la Sand Dams Worldwide.

Miaka hiyo 17 isipitwe haraka. Maddrell hakufika Kola na mchoro mfukoni akitafuta kijiji cha kuujaribia. Aliikuta kazi, akaijua, kisha akarudi kwao kuitafutia fedha. Kwa hiyo shirika lilikuwa na uongozi wa pande mbili. Upande wa Uingereza ulitafuta pesa na kutoa hesabu kwa waliochanga. Upande wa Machakos ulijua mto upi una mwamba, kikundi kipi kina ugomvi wa ndani, na ni mwezi gani watu wako shambani na hawawezi kuitwa kazini. Upande wa kwanza peke yake ungejenga kuta mahali pasipofaa. Upande wa pili peke yake ungesubiri saruji muda mrefu.

Mgawanyo wa gharama nao ulikuwa wazi. Kikundi kilileta nguvu za watu, mawe, mchanga na maji ya kuchanganyia. Shirika lilileta saruji, vyuma na utaalamu. Wengi wa wanachama wa vikundi hivi ni kina mama, na ndio waliobeba mawe. Jambo hili linafaa kukumbukwa siku ya kuchagua kamati, maana katika vikundi vingi aliyebeba jiwe huwa si anayeshika kitabu cha benki.

Sasa kuhusu kuaminiana. Mfadhili akija kijijini, watu huogopa kumuuliza maswali wakidhani atakasirika na kuondoka. Ulizeni. Shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza huwa na bodi ya wadhamini, ambao kwa kawaida hufanya kazi hiyo bila mshahara na wanawajibika kisheria kwa matumizi ya fedha. Mashirika yaliyosajiliwa England na Wales yako chini ya tume maalumu ya mashirika ya hisani, na rejista yake iko wazi kwenye intaneti. Kijana mwenye simu anaweza kuangalia kama shirika linalowaahidi maji lipo kweli, na limeripoti mapato kiasi gani. Lisilopatikana kwenye rejista yoyote, ya huko wala ya Kenya, lisipewe orodha ya wanachama na nambari zao za vitambulisho.

Ni haki pia kusema kwamba ukuta hauponyi kila mto. Mto unaobeba tope tupu bila mchanga haufai, maana tope halihifadhi maji ya kutosha wala haliyaachilii vizuri. Pasipo na mwamba karibu, maji hupenya chini ya ukuta na kupotea. Mabawa ya ukuta yakiwa mafupi, mafuriko huchimba ukingo, na msimu mmoja tu mto unajitafutia njia mpya, ukuta umebaki pembeni kama kituo cha basi. Ndiyo sababu kazi hii iliendana na kuchimba matuta ya fanya juu mashambani, ili udongo usishuke mtoni.

Halafu kuna malori. Bwawa la mchanga na lori la mchanga haviwezi kuishi mto mmoja. Mchanga ukichotwa, tangi la maji limechotwa pamoja nao, na mfadhili hatarudi kulijaza. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015, baada ya wakazi kuona mito yao ikibaki mawe matupu. Lakini sheria haikeshi mtoni. Kikundi kinachotaka bwawa kikubaliane mapema, kwa maandishi, nani atazuia lori usiku, na mwanachama akipokea hela ya dereva atafanywa nini. Makubaliano hayo ni magumu kuliko kuchanganya saruji, kwa sababu mara nyingi anayeuza mchanga ni mtoto wa jirani ambaye hana kazi nyingine. Aitwe mkutanoni naye, asikizwe.

Kwa vikundi vinavyotaka kuanza, msimu wa kiangazi ndio wakati wake. Tembeeni mtoni na wazee wanaokumbuka mahali ambapo mashimo ya maji hudumu hadi mwisho wa ukame. Chimbeni mwone kama mwamba uko karibu. Zungumzeni na wenye mashamba ya kingo zote mbili, na mwandike njia ya watu na ya mifugo itapita wapi. Kisha pelekeni katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano huo kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Mkiyafanya hayo kabla ya mvua, kuna muda wa kumleta mhandisi kupima mto ungali mkavu.