Kijana, Pesa Yako ya Matibabu Inakwenda Wapi?



Toeni karatasi zenu za mshahara tuzisome. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipozikwa na SHA kushika usukani, mwajiriwa wa Kenya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Ukilipwa shilingi 30,000, unakatwa 825. Wa 100,000 hukatwa 2,750. Zamani alilipa 1,700. Mwajiri haongezi hata ndururu.

Hii ni bima, si akiba. Usipougua hurudishiwi kitu. Pesa yako inamtibu mwenzako leo, kesho yake ikutibu wewe. Singapore wana Medisave tangu 1984, akiba ya matibabu kwa jina la mfanyakazi mwenyewe. Yako imo chunguni na za wenzako, kwa hiyo chunga chungu!

Mwajiri lazima apeleke makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akiyakalia, utamfikisha mtoto hospitalini uambiwe hujalipiwa. Bonyeza *147# leo uhakikishe umeandikishwa. Mwezi ukirukwa, msinung'unike kibandani. Nendeni kwa tajiri pamoja, karatasi mkononi.

Jasho ni letu. Hesabu tuidai!