Wimbo wa Donaggio, sauti ya Dusty

Msikilizaji, wengi wanaoujua wimbo You Don't Have to Say You Love Me wanaamini ni wa Dusty Springfield. Wengine watakuapia kuwa ni wa Elvis Presley. Mwenye wimbo ni Pino Donaggio, Mwitaliano mzaliwa wa Burano, kisiwa jirani na Venice. Aliuimba kwa Kiitaliano katika tamasha la Sanremo mwaka 1965, ukiitwa Io che non vivo, mashairi yakiwa ya Vito Pallavicini.

Enzi hizo Sanremo kila wimbo uliimbwa na wasanii wawili, kila mmoja kwa namna yake. Huu wa Donaggio uliimbwa pia na Mmarekani, Jody Miller. Dusty naye alikuwa mshindani kwenye tamasha hilo hilo, lakini hakufika fainali. Alipomsikia Donaggio, machozi yalimtoka. Akarudi Uingereza na santuri ya wimbo ule.

Mwaka uliofuata, jijini London, Dusty akitaka kuurekodi kwa Kiingereza, ala zilikuwa zimesharekodiwa lakini maneno hayajapatikana. Rafiki yake Vicki Wickham akishirikiana na Simon Napier-Bell wakayaandika haraka haraka, na Kiitaliano hawakijui. Ndiyo maana kisa kikabadilika kabisa. Kwa Pallavicini, mpenzi yuko na mwenzake, anamweleza kuwa hawezi kuishi bila yeye. Kwa Kiingereza, mpenzi ameachwa, anaomba mwenzake awe karibu tu, hata asipompenda. Lakini muziki unavibeba visa vyote viwili. Ubeti unaanza kwa sauti ya chini, halafu kiitikio kinapasuka ghafla, na mtu anayelia kwa furaha au kwa uchungu hulia hivyo hivyo.

Dusty hakuridhika na mwangwi wa studio. Maikrofoni ikapelekwa kwenye ngazi za jengo, akaimba akiwa amesimama pale. Isikilize tena rekodi ile: sauti inapanda kama mtu anayemwita anayeondoka, na kuta zinamrudishia. Mwaka huo huo wa 1966 wimbo ukashika namba moja Uingereza na namba nne Marekani.

Elvis aliurekodi Nashville mwaka 1970. Aliuimba vizuri, kwa nguvu na kwa haraka zaidi, lakini kwangu mimi hamfikii Dusty. Anaomba kama mtu mwenye uhakika wa kukubaliwa. Na maneno aliyoimba ni yale yale ya London. Wengi waliofuata nje ya Italia wamefanya hivyo hivyo, na mashairi ya Pallavicini yakabaki kwa Waitaliano.

Kuuimba upya wimbo wa mwingine ni heshima, na Dusty alistahili kila sifa aliyopata. Ninachokipinga ni kumsahau mtunzi. Donaggio baadaye akawa mtunzi mkubwa wa muziki wa filamu, kuanzia Don't Look Now ya mwaka 1973, iliyopigwa huko huko Venice, hadi Carrie ya mwaka 1976. Hata hivyo wimbo wake huu unapigwa redioni kila leo bila jina lake kutajwa.

Watangazaji wenzangu, inachukua sekunde tano tu. Tukimtaja mwimbaji, tumtaje na mtunzi. Nawe msikilizaji, itafute rekodi ya Donaggio mwenyewe, uisikilize kabla hujaamua nani aliuimba vizuri zaidi.