Udongo, Maji na Sahani: Vijiumbe kama Viashiria vya Mazingira, kutoka Lubumbashi hadi Mitwaba

1. Maana ya kiashiria

Kiashiria cha mazingira ni kitu kidogo kinachopimika, ambacho hali yake hutoa habari za jambo kubwa lisilopimika kwa urahisi. Kati ya viashiria vyote vya ardhi, vijiumbe ndivyo vinavyowahi kutoa habari. Gramu moja ya udongo wenye rutuba huweza kubeba bakteria bilioni moja, mbali na nyuzi za kuvu zilizosambaa kati ya mizizi. Vijiumbe hivyo huozesha majani, huirudishia mimea naitrojeni na fosforasi, na hushikamanisha chembe za udongo zisichukuliwe na mvua. Kwa kuwa maisha yao ni ya saa na siku chache, sumu ikiingia ardhini huwa vya kwanza kuumia. Mazao hudhoofika baadaye, na binadamu huweza kuugua mwisho kabisa, pengine baada ya miaka.

Hata hivyo vipimo vya mnyororo huo mara nyingi hutawanyika. Udongo hupimwa na mtu wa kilimo, maji na mtu wa usafi, mkojo na damu na mtu wa hospitali, na majibu yao hayakutanishwi. Hali ya mkoa wa Haut-Katanga, nchini Kongo (DRC), inaonyesha kwa nini ni lazima yasomwe pamoja.

2. Udongo wa Lubumbashi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na tanuri lake la kuyeyusha shaba mjini Lubumbashi likaanza kazi mwaka 1911. Kwa miongo mingi moshi wa tanuri hilo ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki ukashukia kaskazini-magharibi, upande wa mtaa wa Penga Penga. Vumbi lililotua lilikuwa na shaba, zinki, risasi, kobalti, kadimiamu na aseniki. Miti ya miombo ilikufa, na sehemu kubwa ya ardhi ikabaki tupu, ikiota nyasi chache zinazostahimili shaba, kama vile Microchloa altera.

Shaba ina faida ikiwa kidogo na ina madhara ikizidi. Mkulima wa nyanya hupulizia dawa ya shaba kwenye majani ili kuua kuvu wa ukungu. Shaba hiyohiyo ikirundikana ardhini huua pia kuvu na bakteria wenye manufaa. Majani makavu hukaa muda mrefu bila kuoza, rutuba haizunguki, na mimea ya jamii ya kunde hukosa wasaidizi wake.

Wasaidizi hao wa kunde wanaweza kuchunguzwa bila maabara. Mche wa maharagwe unaoanza kutoa maua huchimbuliwa pamoja na udongo wake, hukung'utwa taratibu, kisha kinundu kimoja cha mzizi hukatwa kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wa rizobia wanavuta naitrojeni kutoka hewani na kuupa mmea. Rangi hiyo hutokana na protini ya jamii moja na ile inayotia wekundu damu ya binadamu. Kinundu kikiwa cheupe au cha kijani, kazi haifanyiki. Huko Woburn, Uingereza, ambako tope la maji taka lenye metali nzito lilimwagwa shambani kati ya 1942 na 1961, watafiti walikuta baada ya miaka mingi kwamba rizobia waliobaki kwenye udongo huo hawakuweza tena kuilisha klova. Kukosekana kwa vinundu vyekundu hakuthibitishi sumu peke yake, kwa sababu uchache wa fosforasi na uchachu wa udongo huleta dalili hiyohiyo. Lakini ni kengele inayostahili kusikilizwa.

Udongo ulioharibika unaweza kutulizwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu huko Penga Penga kupanda nyasi zinazostahimili shaba na kuchanganya udongo na chokaa na mboji. Chokaa hupunguza uchachu, na shaba hushikwa na udongo badala ya kunywewa na mizizi. Mboji huongeza chakula cha vijiumbe na kushika metali. Metali hazitoweki kwa njia hiyo. Hufungwa tu zisipande kwenye mimea wala kupeperuka na vumbi. Kwa hiyo kipimo cha mafanikio ni kurudi kwa uhai: udongo kupumua zaidi, yaani kutoa hewa ya kaboni inayotokana na kazi ya vijiumbe, na majani kuanza kuoza tena.

3. Kutoka bustanini hadi mwilini

Mboga za majani ndizo daraja fupi kuliko yote kati ya udongo na mtu. Fungu la lengalenga linalonunuliwa sokoni Lubumbashi ili kuliwa na bukari (ugali) huweza kubeba metali kwa njia mbili. Vumbi lililokaa juu ya jani hupungua likioshwa vizuri kwa maji safi. Metali iliyopanda kupitia mizizi imo ndani ya jani lenyewe, na haiondolewi kwa kuosha wala kwa kupika. Kadimiamu hupanda kwa urahisi zaidi kuliko risasi, hasa udongo ukiwa mchachu. Ndiyo maana pH (kipimo cha uchachu) ya udongo wa bustani ni kiashiria cha afya ya familia, sawa na ilivyo kiashiria cha mavuno.

Mwili nao hutoa ushahidi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima mkojo wa wakazi wa Katanga na kukuta kwamba waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani, na watoto waliathirika zaidi. Mwaka 2020 utafiti mwingine uliofanyika Lubumbashi ulihusisha kazi ya baba mgodini na ongezeko la watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Kuna pia hatari isiyoonekana mapema: bakteria wanaojifunza kuvumilia metali mara nyingi hubeba pia uwezo wa kuvumilia dawa za antibiotiki. Udongo wenye shaba nyingi unaweza hivyo kuchangia maradhi yasiyosikia dawa.

4. Maji ya kunywa na ya kumwagilia

Kwa upande wa maji, kiashiria kikuu ni bakteria E. coli, anayeishi katika utumbo wa watu na wanyama. Akionekana majini, kinyesi kimefika humo, na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo huweza kufika kwa njia hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kwa maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, mwongozo wake wa mwaka 1989 uliweka kikomo cha koliformi 1,000 za kinyesi katika kiasi hichohicho. Haut-Katanga inajua gharama ya kupuuza kipimo hiki. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika maeneo ya Ziwa Mweru, na mwaka 2008 kiliikumba Lubumbashi na Likasi.

Pasipo maabara, chupa ndogo yenye karatasi ya dawa inatosha kuanzia. Njia hiyo ilibuniwa India na kutangazwa mwaka 1982. Maji hutiwa chupani na kuachwa mahali pa joto. Yakiwa na bakteria wa kinyesi, karatasi hugeuka nyeusi kwa siku moja au mbili. Mama wa nyumba, mwalimu na mhudumu wa afya wote wanaweza kusoma jibu hilo.

5. Vijiumbe vinavyoandaa chakula

Vijiumbe vingine hulinda afya. Mihogo michungu hulowekwa majini kwa siku kadhaa. Bakteria huilainisha, na sianidi iliyomo hutoka. Siku hizo zikipunguzwa kwa njaa au haraka, sumu hubaki kwenye unga. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa katika eneo la Kwango, nchini Kongo, mwaka 1938, hutokana na mihogo isiyolowekwa vya kutosha katika mlo usio na protini ya kutosha. Kikomo cha kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga, na ipo karatasi ya pikrati inayogeuka kutoka njano hadi kahawia kadiri sumu inavyozidi.

Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi ya porini, nacho hulindwa na vijiumbe: uchachu ukishusha pH chini ya 4.5, bakteria wengi wa maradhi hawazaliani vizuri. Lakini uchachu hauondoi metali. Munkoyo uliotengenezwa kwa maji machafu ya mgodi bado ni hatari.

6. Nafasi ya Mitwaba

Teritwari ya Mitwaba iko kaskazini mwa Haut-Katanga, katika eneo la hifadhi za Upemba na Kundelungu. Watu wake huishi kwa kilimo, na ardhi yake ina kasiterite, madini ya bati. Vita vya kundi la waasi la Bakata Katanga viliwahamisha wengi kutoka mashamba yao. Tofauti na Lubumbashi, sehemu kubwa ya ardhi hii haijapitiwa na moshi wa tanuri, na hiyo ndiyo thamani yake kwa sayansi: hapa inawezekana kuandika hali ya mwanzo kabla ya uchimbaji kupanuka.

Misitu ya miombo nayo hutoa kiashiria kinacholiwa. Mizizi ya miti mingi ya miombo huishi kwa ushirika na kuvu, na wakati wa mvua kuvu hao huchipua uyoga. Miti ikikatwa kwa ajili ya makaa, uyoga wa jamii hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Karibu na viwanda vya madini, uyoga hukusanya metali na haufai kuliwa hata ukiwa mwingi.

Daftari moja la kijiji linatosha kubeba viashiria vitano kila mwaka, katika sehemu zilezile na msimu uleule: rangi ya vinundu vya maharagwe, pH ya udongo, jibu la chupa ya maji, jibu la karatasi ya unga wa mihogo, na aina za uyoga zilizookotwa. Palipo na mashaka, sampuli chache za udongo, mboga na mkojo zipelekwe pamoja kwenye maabara Lubumbashi, zikiwa na alama ya shamba moja na familia moja, ili majibu yaoane.

Lubumbashi ilipimwa baada ya miongo mingi ya moshi, na leo hakuna anayeweza kuonyesha kwa hakika udongo wake ulikuwaje mwaka 1910. Viongozi wa teritwari, wahudumu wa afya, wataalamu wa kilimo na wakulima wa Mitwaba walifungue daftari hilo kabla ya mvua zijazo, wakati hali ya mwanzo bado inaweza kuandikwa.