Mlango wa Liwali

 

Nimeombwa nizungumzie unyenyekevu na uadilifu katika uongozi wa mwanzo wa Kiislamu. Tatizo la mada hii ni kwamba tumeizoea mno. Kila Ramadhani tunasimuliwa kanzu ya Khalifa Umar yenye viraka, tunatikisa vichwa, tunasema subhanallah, kisha tunakwenda kufuturu. Viraka vimekuwa mapambo, na mtu anaweza kuvaa kiraka huku anadhulumu. Kwa hiyo leo nguo naiweka kando. Nitazungumzia mlango.

Mwaka wa 17 Hijria, yaani 638 Miladia, Waislamu walijenga mji wa Kufa huko Iraki. (Msicheke. Ni jina la mji tu.) Liwali wake alikuwa Saad bin Abi Waqqas, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, jemadari aliyelivunja jeshi la Waajemi katika vita vya Qadisiyya. Nyumba yake ya serikali ilikuwa karibu na soko, na soko ni soko: kelele za wachuuzi zilimchosha, akaweka mlango. Watu wakaanza kuiita nyumba ile Kasri ya Saad. Habari zikafika Madina. Umar akamwita Muhammad bin Maslama, mtu aliyekuwa akimtuma kuchunguza malalamiko dhidi ya maliwali, akampa agizo fupi: nenda kauchome mlango ule, kisha urudi.

Mwanahistoria At-Tabari anasimulia kwamba Ibn Maslama alipofika Kufa alinunua kuni, akauwasha moto mlango, akageuza mnyama wake kurudi Madina. Saad alimpelekea pesa za njiani. Akazikataa.

Napenda sana zile kuni. Mjumbe wa khalifa hakuzidai kwa liwali wala hakumwamrisha mtu azilete. Aliingia sokoni akalipa kama mteja mwingine. Na tazameni kilichoungua. Nyumba haikubomolewa, Saad hakufukuzwa kazi. Kiliungua kile kilichosimama kati yake na mwenye shida. Zile kelele zilizomkera ndizo zilizokuwa kazi yake.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la ofisi moja, sitaitaja. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja, miguu ina vumbi jekundu la mlimani, kashika bahasha ya kaki iliyolowa jasho. Kila mlango ulipofunguka alinyanyuka, na kila mara akaambiwa: "Bibi, mkubwa yuko kikaoni, njoo kesho." Kesho ya mtu wa mlimani ina nauli.

Na mlango ukifungwa muda mrefu, nchi hulipa. Wazee wa Matombo wanazijua habari za matuta ya ngazi. Serikali ya kikoloni, katika mpango wake wa matumizi ya ardhi ya Uluguru mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliwalazimisha Waluguru kuchonga ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Udongo mzuri kule ni tabaka jembamba. Ukichonga ngazi unaufukia na kutoa juu ule usiozaa. Mwenye jembe aliliona hilo mapema. Amwambie nani? Machifu walikuwa wamegeuzwa wapeleka amri: maneno yaliteremka kutoka boma, hayakupanda. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na baadaye mpango wenyewe ukaachwa. Jibu lilikuwa mlimani siku zote, limeshika jembe, linangoja kuulizwa.

Turudi kwa Saad, maana hakuishia kwenye mlango. Miaka michache baadaye watu wa Kufa walimshitaki kwa mengi, hata wakasema hajui kusalisha. Umar alimwondoa, akatuma watu wapite msikiti kwa msikiti kuuliza. Kila walipofika alisifiwa, isipokuwa kwenye msikiti mmoja tu, wa kabila la Banu Abs, aliposimama mtu mmoja kumlaumu. Umar hakumrudishia kazi. Lakini Umar alipokuwa anakufa alimtaja Saad miongoni mwa watu sita wa kuchagua khalifa, akaeleza mbele ya watu kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Uadilifu huu una pande mbili. Raia amesikilizwa, na mkubwa aliyeondolewa hakuachwa na doa lisilo lake. Sisi tunajua sana kutumbua. Kumsafisha mtu aliyetumbuliwa bila kosa tunasahau.

Sitaki mdhani mlango wazi ni jambo rahisi. Mtu aliyemchoma Umar kisu katika sala ya alfajiri, mwaka 644, alikuwa Abu Lu'lu'a, mtumwa wa Mughira bin Shu'ba. Aliwahi kumlalamikia Umar kuhusu kiwango alichotozwa na bwana wake. Alisikilizwa, akaambiwa kwamba kwa ufundi alionao kiwango hicho si kikubwa, akaondoka na kinyongo. Kusikilizwa si kuridhika, na khalifa asiye na walinzi ni rahisi kumfikia hata kwa kisu.

Akiwa kitandani, Umar alimtuma mwanawe Abdullah kwa Bibi Aisha, mjane wa Mtume, kuomba azikwe karibu na Mtume na Abu Bakr. Alimkataza kumtaja kama Amiri wa Waumini, kwa kuwa siku hiyo hakuwa tena amiri wao; aseme tu kwamba Umar anaomba. Bibi Aisha, aliyekuwa amejiwekea mahali pale yeye mwenyewe, alikubali. Umar alishukuru, kisha akaongeza agizo jingine: nikishakufa nibebeni hadi pale, mumwombe tena. Akikataa, nirudisheni kwenye makaburi ya Waislamu wote.

Wakambeba. Abdullah akasimama mlangoni, maiti ya baba yake mabegani mwa watu, akatoa salamu, akabisha hodi mara ya pili.