Sikio Huchambua, Jicho Huchanganya

Sauti ni mtikisiko wa hewa unaosafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mwanga hauhitaji hewa, na kwa muda huohuo huenda kilomita 300,000. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde: ishirini iliyozidishwa maradufu mara kumi mfululizo. Jicho huona mwanga ambao urefu wa mawimbi yake ni kati ya nanomita 380 na 750, upana usiofika hata maradufu moja. Hata hivyo, katika upana huo mdogo binadamu hutofautisha rangi nyingi mno. Siri yake ni kwamba viungo hivi viwili vinafanya kazi kwa kanuni zinazopingana.

Sikio la nje hukusanya sauti na kuipeleka kwenye kiwambo. Nyuma ya kiwambo vimepangana vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo huongeza kanieneo ya mawimbi takriban mara 20. Nyongeza hiyo ni ya lazima, kwa sababu sikio la ndani limejaa umajimaji, na sauti inayotoka hewani ikigonga umajimaji karibu yote hurudishwa nyuma. Kiwambo hutikisika vizuri pale tu hewa ya pande zake mbili inapolingana. Anayepanda Mlima Meru huanza kwenye lango la Momella, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko mita zipatazo 4,560, ambako kanieneo ya hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Hewa iliyobaki ndani husukuma kiwambo kwenda nje, na masikio huziba. Kumeza mate hufungua mrija unaounganisha sikio la kati na koo, na hali hutengemaa.

Uchambuzi wenyewe hufanyika ndani ya koklea, mrija uliojisokota mara mbili na nusu hivi. Ndani yake umetandazwa utando wa urefu wa milimita 35, mwembamba na mkakamavu karibu na kikuku, mpana na mlegevu mwishoni. Sauti kali hutikisa mwanzo wa utando, na sauti nzito hutikisa mwisho wake. Georg von Békésy, aliyeonyesha namna wimbi linavyopita kwenye utando huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Kila sehemu ya utando ina seli zake zenye vinywele, na kila seli hutuma ishara kwa neva zake. Kwa hiyo sauti zinazofika pamoja hazipotezani. Morani wa Kimasai wanapoimba, kiongozi akipaza sauti juu na wenzake wakinguruma chini, msikilizaji huzipata sauti zote mbili, kila moja na mahali pake.

Jicho haliwezi kufanya hivyo. Kwenye retina kuna seli za fimbo zipatazo milioni 120, za kuonea gizani, na seli za koni zipatazo milioni sita, za rangi. Koni ni za aina tatu: moja huitikia zaidi mwanga wa nanomita 420 hivi, ya pili 530, ya tatu 560. Koni haisemi imepokea mwanga wa aina gani. Husema imepokea kiasi gani tu, na ubongo hukisia rangi kwa kulinganisha ripoti tatu. Ndiyo maana skrini ya simu, isiyo na nukta hata moja ya njano, huonyesha njano kwa kuwasha nyekundu na kijani pamoja. Sikio lisingedanganyika hivyo.

Arusha ina ushahidi mzuri wa jambo hili: tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967 Mirerani, ambayo leo iko mkoani Manyara. Jiwe hili hunyonya zaidi mwanga wa katikati ya wigo na kupitisha buluu pamoja na sehemu ya nyekundu. Mchana, mwanga wa jua una buluu tele, na jiwe huonekana la buluu. Chini ya balbu ya waya, ambayo ina buluu kidogo na nyekundu nyingi, jiwe lilelile hugeuka zambarau. Kwa kawaida ubongo hufidia mabadiliko ya taa, na shati jeupe hubaki jeupe. Tanzanaiti hushinda fidia hiyo. Linalonunuliwa jioni lastahili kutazamwa tena asubuhi.

Koni tatu si mali ya binadamu peke yake. Mbega weupe kwa weusi wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha wanazo pia, kama nyani na kima wengine wa Afrika. Utafiti uliofanyika katika msitu wa Kibale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba uwezo wa kutenganisha nyekundu na kijani huwasaidia wanyama hao kupata majani machanga, ambayo katika miti mingi ya tropiki huwa mekundu na laini. Jeni za uwezo huo ziko kwenye kromosomu X, hivyo upofu wa rangi hizo huwapata wanaume zaidi. Usiku rangi hutoweka kwa watu wote: wanaoondoka kambi ya Saddle, kwenye Mlima Meru, baada ya saa sita usiku, bila mbalamwezi wala taa, huongozwa na seli za fimbo pekee.

Hasara ya sikio ni nzito zaidi, kwa kuwa seli zenye vinywele zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku yatosha kuziharibu, na mashine za kutobolea miamba migodini huzidi 100. Huanza kufa zile za sauti za mitikisiko 4,000 hivi kwa sekunde. Mgonjwa husikia kwamba anaongeleshwa, lakini *fisi* na *sisi* humfikia kama neno moja. Kifaa cha kusikilizia huongeza ukubwa wa sauti. Uwezo wa kuichambua, uliokuwa kwenye seli zilizokufa, hakiurudishi.