Wiki Moja ya Mwanafunzi wa Udaktari wa Mifugo Huko Makwale

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya kazi moja ambayo wazazi wengi hawaitaki kwa watoto wao, nayo ni kazi ya kuwatibu wanyama. Sisi walimu twasikia mara nyingi mzazi akisema, "Mwanangu amesoma miaka yote hii, kisha arudi kushika mkia wa ng'ombe?" Neno hili latuhuzunisha, kwa kuwa ni neno la mtu ambaye hajaiona kazi yenyewe. Basi tumeona vema kuwaeleza wiki moja ya mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, ambaye tulifuatana naye wakati wa likizo huko Makwale, katika nchi ya Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa. Hatutataja jina lake, wala majina ya wenye mifugo, maana mambo ya zizi la mtu ni siri yake.

Makwale i katika uwanda ulio kati ya ziwa na milima. Mvua huko ni nyingi sana, na mito hushuka kwa nguvu kutoka Rungwe. Watu hulima mpunga, kakao, ndizi na michikichi. Wanyakyusa wa zamani waliwapenda ng'ombe wao mno, hata wakalala nao katika nyumba moja, na wavulana walipopata umri wa kuchunga walijenga vijiji vyao wenyewe pamoja na wenzao wa rika moja. Desturi ile ya vijiji imekwisha, lakini heshima ya ng'ombe haijaisha. Mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, na msibani ng'ombe huchinjwa. Mtu mwenye ng'ombe wawili, mmoja akifa, amepoteza nusu ya mali yake kwa siku moja.

Kijana wetu yu katika mwaka wa nne wa masomo, na masomo yenyewe ni ya miaka mitano. Asoma Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Zamani Mtanzania aliyetaka shahada ya kazi hii alikwenda kusoma nchi nyingine, kama vile Kenya. Mwaka 1976 masomo hayo yalianzishwa Morogoro, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1984 mahali pale pakawa chuo kikuu chenyewe, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki mwaka ule ule katika ajali ya gari karibu na Morogoro. Wakati wa likizo mwanafunzi hutumwa kufanya kazi chini ya mkono wa Bwana Mifugo, ili yale aliyoyasoma kitabuni ayaone kwa macho.

Siku ya Jumatatu waliitwa penye ng'ombe aliyekataa majani. Kijana hakukimbilia sindano. Kwanza alimtazama mnyama kwa mbali, akahesabu pumzi zake. Kisha akatia kipimajoto chini ya mkia, akaona digrii 41, na ng'ombe mzima hupata kama 38 na nusu. Akapapasa chini ya sikio na mbele ya bega, akakuta matezi yamevimba. Akatoa maji kidogo ya tezi kwa sindano, akayapaka juu ya kioo, na jioni akayatia rangi na kuyatazama kwa hadubini. Humo akaviona vijidudu vya ndigana kali ndani ya chembe nyeupe.

Ndigana kali huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Kupe huyu hunyonya mara tatu katika maisha yake, na baada ya mara ya kwanza na ya pili huanguka chini akakua, kisha akapanda mnyama mwingine. Hazaliwi na ugonjwa. Huupata kwa ng'ombe mgonjwa, kisha akiisha kukua humpa ng'ombe mwingine aliye mzima. Tena dawa ya kutibu ipo, lakini ni ya bei kubwa, na yataka kutolewa mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Ng'ombe yule alipona kwa sababu mwenyewe aliita watu siku ya pili ya ugonjwa. Jirani yake aliyengoja siku sita ili aone mambo yatakavyokuwa alimzika wake mwezi uliotangulia. Iko pia chanjo, iliyotengenezwa na wataalamu wa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: ng'ombe hupewa vijidudu hai vya ugonjwa pamoja na dawa ya kuvizuia siku ile ile, naye huugua kidogo tu, kisha hukingwa.

Siku ya Jumanne ilikuwa kazi ya kunyunyiza dawa ya kupe. Hapo sisi walimu tulifurahi, maana tuliona hesabu zetu zikifanya kazi. Mzee mmoja alikuwa akikadiria dawa kwa kifuniko cha chupa na kuijaza maji mengi ili idumu. Kijana akamwambia kwa adabu, "Baba, maandishi ya chupa yasema mililita moja kwa kila lita ya maji. Bomba lako lachukua lita 15. Basi tutie mililita 15, si zaidi wala si pungufu." Mzee akauliza, "Ikiwa pungufu kuna hasara gani? Kupe si watakufa polepole?" Akajibiwa, "Walio dhaifu watakufa, baba. Wenye nguvu watabaki, nao ndio watakaozaa. Baada ya miaka michache dawa hii haitawaua kupe wa Makwale hata ukiimimina yote." Mzee alinyamaza kidogo, kisha akatuma mjukuu wake kuleta kikombe cha kupimia.

Siku ya Jumatano alitazama ng'ombe waliokonda ingawa majani yalikuwa tele. Wawili walikuwa na uvimbe laini chini ya taya. Hawa walikuwa na minyoo ya ini. Mayai ya mnyoo huyu hutoka katika mavi ya ng'ombe, yakaanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono. Vikitoka humo hujibandika juu ya majani ya penye maji, na ng'ombe akiyala amekula ugonjwa. Kwa hiyo nchi ya mpunga, iliyo mbaraka kwa mlaji wa wali, ni hatari kwa ng'ombe. Shauri alilotoa ni kuwapa dawa ya minyoo kwa wakati wake, na kuwafunga mahali palipoinuka wakati maji yamejaa mabondeni.

Siku ya Alhamisi alikwenda machinjioni kabla ya jua kuchomoza. Nguruwe mmoja alipopasuliwa, walikuta ndani ya nyama yake vifuko vyeupe kama punje za mchele. Vifuko hivyo ni watoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva sawasawa hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi chake. Nguruwe azururaye akila kinyesi kile hupata vifuko. Na mtu akiyala mayai yale kwa mikono michafu, vifuko huota hata ndani ya ubongo wake, akapata kifafa. Wangapi katika nchi yetu wamedhaniwa kuwa wamerogwa, kumbe ugonjwa wao ulianza kwa choo kilichokosekana! Nyama ile ilikataliwa ikazikwa. Mwenye nguruwe alikasirika sana, na kijana alisimama akayapokea maneno yale yote pasipo kujibu ukali kwa ukali.

Lakini siku iliyokuwa nzito kuliko zote ni Ijumaa. Mama mmoja mjane alikuwa na nguruwe saba, aliowaweka kwa ajili ya karo ya watoto. Usiku wawili walikufa, na asubuhi wa tatu alikuwa amelala, masikio yamegeuka rangi ya zambarau. Bwana Mifugo na mwanafunzi waliogopa kuwa ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu hauwadhuru watu, lakini huwaua nguruwe karibu wote wanaoupata, wala hapana dawa ya kuuponya. Kati ya mwaka 2010 na 2012 uliwaua nguruwe wengi katika sehemu mbalimbali za Tanzania, na Kyela ilikuwa miongoni mwao. Nao haujui mipaka. Mwaka 2007 ulifika Georgia, katika milima ya Kaukazi, na mwaka 2018 ukaingia China.

Yule mama akasema, "Mwanangu, mnunuzi yupo barabarani na gari lake. Wanne hawa bado wazima. Niache niwauze leo, nipate hata nusu ya karo. Kesho nitakuwa na nini?" Wasikilizaji wetu, tuliona uso wa kijana ukibadilika. Yeye mwenyewe amesoma kwa fedha za namna hiyo. Akakaa chini mbele ya mama, akasema, "Mama, wakipanda gari lile, ugonjwa utashuka nao kila kijiji watakapopita, na huko nako kuna akina mama wenye karo za watoto. Siwezi kukudanganya kwamba nina dawa. Sina. Ninalo neno hili tu, nalo ni chungu." Mama alilia. Kisha akamwita mwanawe mkubwa, akamtuma amwambie mnunuzi aende zake.

Sampuli za damu zikapelekwa kupimwa, mizoga ikazikwa katika shimo refu, viatu vikaoshwa kwa dawa, na watu wakakatazwa kusafirisha nguruwe wala nyama yake. Kabla ya Jumapili wote saba walikuwa wamekufa. Hatuna habari njema ya kuongeza juu ya mama huyu, ila moja: hatukusikia kwamba nguruwe wa jirani yake yeyote walikufa wiki ile. Majirani walipofahamu alichokifanya, walichanga mpunga na fedha kidogo wakampelekea. Mchango ule haukulipa mali iliyopotea. Ulikuwa heshima yao kwake.

Siku ya Jumamosi watoto walileta mbwa wao kuchanjwa kichaa cha mbwa, wengine wakiwaburuta kwa kamba za migomba. Kijana aliwafundisha jambo moja, akawataka walirudie mpaka wakalijua: mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kupata chanjo. Dalili zikiisha kuonekana, karibu hapana apataye kupona. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Na siku ya Jumapili, ambayo ni ya kupumzika, tuliitwa tukitoka kanisani. Mtamba alikuwa akizaa, na mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjika nyuma. Kijana alivua shati, akanawa mikono hata mabegani, akapaka mafuta, akausukuma ndama ndani kidogo na kuunyosha mguu ule. Kisha akavuta polepole, akifuata nguvu za mama yake. Ndama alitoka hai. Baada ya kunawa alikaa chini ya mwembe akaandika taarifa yake ya wiki nzima: joto la kila mnyama, kipimo cha kila dawa, waliopona na waliokufa.

Basi wasikilizaji, hebu tupime. Katika wiki moja kijana huyu alitumia hesabu na elimu ya viumbe. Alitumia adabu mbele ya wazee, uvumilivu mbele ya mwenye hasira, na ukweli mbele ya mwenye machozi. Je, hiyo ni kazi ya kushika mkia wa ng'ombe? Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi usiopata kuonekana, na watu wakafa njaa nyuma yao. Mwaka 2011 mataifa yalitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani kote. Haikuisha yenyewe. Iliondolewa na watu waliokwenda kwa miguu zizi kwa zizi wakichanja, na chanjo iliyotumika sana ilitengenezwa papa hapa Afrika Mashariki, huko Muguga, na Walter Plowright pamoja na wenzake.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: mtoto akipenda wanyama na akiyaweza masomo ya sayansi, msimzuie. Wala msifikiri kuwa kazi hii ni ya wavulana peke yao. Wasichana huifanya, tena vema. Nanyi wafugaji, mwiteni Bwana Mifugo siku ya kwanza ya ugonjwa, msingoje ya sita. Pimeni dawa kama ilivyoandikwa. Chimbeni vyoo, fungieni nguruwe, chanjeni mbwa. Na mnyama wenu akifa ghafula, msiuze nyama yake wala wenzake waliobaki mpaka mmeuliza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya maradhi, ukuta huo mara nyingi humwangukia jirani asiye na kosa.