Kuomba Fedha za Umma kwa Ajili ya Maigizo na Sauti Zetu

(Mazungumzo ya katibu wa kikundi cha maigizo cha vijana mbele ya komite na wakaaji wa kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



Komite imenipa dakika 20 nieleze jinsi kikundi chetu kinavyotafuta fedha za umma kwa kazi ya sanaa. Nimeombwa hasa nijibu swali ambalo limezunguka kambini tangu mwezi wa pili, nalo ni hili: kwa nini vijana wanahangaika kuomba fedha za michezo wakati mgao wa chakula umepunguzwa? Swali hilo ni la haki. Mama mmoja aliniuliza kwenye bomba la maji, mbele ya watu, nami sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo.

Fedha tunazoomba hazitoki kwenye gunia la unga. Ziko serikali na mashirika ya kimataifa ambayo hutenga sehemu ya kodi za wananchi wao kwa ajili ya utamaduni, na sehemu hiyo haiwezi kununua maharage hata tukipiga magoti. Mfano mmoja ni mfuko wa UNESCO unaotokana na Mkataba wa mwaka 2005 wa kulinda aina mbalimbali za utamaduni. Burundi iliuridhia mkataba huo mwaka 2008, kwa hiyo vyama vilivyoandikishwa hapa vinaweza kuomba. Ombi moja haliwezi kupita dola 100,000, fomu huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na ombi hupitia kwanza Tume ya Taifa ya UNESCO. Sisi tukikaa kimya, fedha hizo hazitageuka kuwa mchele wa kambi hii. Zitakwenda kwa kikundi cha nchi nyingine kilichojua kujaza karatasi.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya wazungu au ya watu wa Nairobi. Hapana. Hapa Bujumbura kazi ya sauti na maigizo inayolipiwa na fedha za umma ina umri mkubwa kuliko vijana wengi wa kikundi chetu. Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, vita vikiwa vimewaka, na shirika la Search for Common Ground. Waandishi wa habari Wahutu na Watutsi walikuwa wakitumwa pamoja wawili wawili kwenda kutafuta habari. Mwaka 1997 studio hiyo ilianza kutoa tamthilia ya redio iitwayo Umubanyi Niwe Muryango, maana yake jirani ndiye ndugu. Mwandishi wake alikuwa Bi. Marie-Louise Sibazuri, mtunzi wa michezo wa Burundi, naye aliiandika kwa miaka mingi, sehemu baada ya sehemu, mamia. Watu walisikiliza habari za familia mbili za makabila tofauti zinazokaa jirani, wakagombana juu ya wahusika kana kwamba ni watu wa mtaani kwao. Ng'ambo ya mpaka, huko Ngara, Tanzania, shirika la Kijesuiti la JRS lilifungua Redio Kwizera mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wao. Na huko Malawi, katika kambi ya Dzaleka, mkimbizi mwenzetu kutoka Kongo, mshairi anayejulikana kwa jina la Menes La Plume, alianzisha Tamasha la Tumaini mwaka 2014. Wageni huja kutoka nje na kulala katika nyumba za wakimbizi. Mkimbizi ndiye mwenyeji! Jambo hilo mimi hulifikiria mara nyingi.

Sasa nieleze habari yetu wenyewe.

Wazo letu mnalijua, maana wengi wenu mmo ndani yake. Tuliona kwamba mahali ambapo watu wa kambi hii huzungumza kweli ni kwenye foleni ya maji. Tukaanza kurekodi kwa simu mazungumzo ya foleni, kwa idhini ya wenyewe: vichekesho, ugomvi wa ndoo, habari za Uvira na Fizi, bei ya mihogo, ndoto za usiku. Kisha jioni tunaweka spika karibu na bomba, sauti zinasikika, na waigizaji wetu wanatokea katikati ya watu wakiwa na ndoo zao, wanajibu zile sauti. Mtazamaji hajui nani anaigiza na nani amekuja kuchota maji. Hakuna jukwaa wala kiti cha mgeni rasmi. (Mgeni rasmi mmoja aliwahi kusimama robo saa akingoja mchezo uanze, nao ulikuwa umekwisha anza pembeni yake.)

Tangazo la kwanza la fedha tuliloliona lilidai miradi iwe na "uvumbuzi". Neno hilo lilitupa taabu sana. Tulidhani wanataka kompyuta, tukaandika kwamba tunahitaji kompyuta 4 na kamera 2. Tulikataliwa. Baadaye mtu mmoja mwenye uzoefu alituambia kwamba waamuzi wanasoma maombi mengi ya kompyuta, na kwamba jambo jipya letu lilikuwa ile ndoo, nasi tulikuwa tumeiweka ukurasa wa tano. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kuomba, waelezeni waamuzi katika mistari ya kwanza nini kinatokea, wapi, saa ngapi, na mtu aliyesimama pale anaona nini. Mengine yafuate.

Sababu nyingine ya kukataliwa ilikuwa ya karatasi. Wafadhili wa umma hawawezi kumpa mtu fedha za kodi mkononi. Wanataka chama kilichoandikishwa, chenye katiba, hesabu za miaka iliyopita na akaunti ya benki kwa jina la chama. Kikundi chetu hakina hata kimoja. Njia iliyobaki ni kushirikiana na chama cha Bujumbura ambacho kinaomba kwa jina lake, na sisi tunatajwa kama washirika. Tulifanya hivyo mara ya pili, tukapata fedha kidogo za majaribio. Lakini niseme ukweli mbele ya wageni wetu: chama kile kilikaa na fedha zetu miezi minne, na zilipofika zilikuwa zimepungua kwa "gharama za ofisi" ambazo hatukuwa tumekubaliana. Hatukuwa na mkataba wa maandishi. Tulikuwa na maneno matamu na soda. Jina la chama sitalitaja, kwa sababu kosa lilikuwa la wawili. Mara hii tumeandika mkataba wa kurasa mbili, unaosema fedha zikifika benki zinatolewa kwa kikundi baada ya siku ngapi, nani anatia sahihi, na asilimia ngapi inabaki kwa chama. Nakala iko kwa katibu wa komite, na yeyote anaweza kuisoma.

Kuhusu makadirio ya fedha, hapa ndipo vijana wengi huangukia. Mwaka 2025 dola ilikuwa ikiuzwa mtaani Bujumbura kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya benki. Mfadhili anakuletea fedha kwa bei ya benki, lakini muuza spika anapanga bei yake kwa kufuata dola ya mtaani. Ukipiga hesabu ya dola 300 kwa spika kwa kuangalia bei ya nje, utafika dukani na nusu ya spika. Basi nendeni sokoni kwanza, pateni bei kwa faranga kwa maandishi kutoka maduka matatu, kisha ndipo mgeuze kuwa dola kwa bei ya benki. Na usafiri! Petroli ilipokosekana, safari moja ya kupeleka dosie Bujumbura ilitugharimu zaidi ya karatasi zote pamoja na fotokopi. Wekeni usafiri mara mbili ya mnavyofikiri. Tena kumbukeni kwamba mkaaji wa kambi anahitaji karatasi ya ruhusa ya kutoka. Tuliomba ruhusa ile siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, tukafika wakati mlango umefungwa. Hiyo nayo ilikuwa shule.

Mji mkuu wa siasa ni Gitega tangu mwaka 2019, lakini balozi na ofisi nyingi za utamaduni zimebaki Bujumbura, kwa hiyo barabara yetu bado ni ile ile. Tukifika huko tunakaa Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa, na ndiko tunakotafsiri. Tunaandika kwanza kwa Kiswahili, wote tukielewa kila neno, ndipo mwalimu mmoja anatuwekea Kifaransa. Mara ya kwanza tulianza na Kifaransa moja kwa moja, na ikatokea kwamba tulikuwa tumeahidi mambo ambayo hakuna mtu wa kikundi aliyeyajua.

Jambo moja kwa wale wanaotaka kuweka ngoma katika miradi yao. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na mwaka 2017 serikali ikatoa amri ya kuilinda: vikundi viandikishwe wizarani, maonyesho yaombewe kibali, na wanawake wasiipige. Sisi ni wageni wa nchi hii. Mkiandika "ngoma za Burundi" katika fomu ili kumfurahisha mfadhili, mmejiongezea mlango wa kubisha. Tunazo nyimbo zetu na vigelegele vyetu.

Nafika kwenye lililo gumu.

Katika sauti tulizorekodi ilikuwamo ya mama mmoja aliyeeleza usiku wa Gatumba, tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa katika kambi ile ya muda karibu na Bujumbura. Aliongea dakika 11 bila kulia. Mtumishi wa mfuko mmoja alipoisikiliza, alituandikia kwamba sauti hiyo ingefaa kuwa kiini cha mradi wote, na kwamba tuambatanishe picha ya huyo mama. Vijana wetu walifurahi. Walisema, sasa tumepata. Mimi pia nilisema hivyo, sitajificha.

Tulipompelekea mama yule habari, aliuliza jambo moja tu: watakaosikiliza watakuwa wakinywa nini? Hatukuelewa. Akasema, ninyi mnaniambia itasikilizwa Bujumbura, kwenye ukumbi, na watu waliokaa. Mimi niliwapa maneno haya kwenye foleni, watu wakiwa wamesimama na ndoo, wengi wao walifiwa kama mimi. Akaomba sauti yake iondolewe.

Tuliiondoa. Ombi lile halikupita. Wako katika kikundi ambao mpaka leo wanaona tulitupa fedha, na mmoja wa waigizaji wetu wazuri alituacha kwa sababu hiyo. Simlaumu, ana watoto watatu na posho ya mazoezi ingemsaidia. Lakini tangu siku ile tuna sheria: kila mwenye sauti anasikiliza sauti yake kabla haijatoka kambini, anaambiwa nani atakayeisikia na mahali gani, na anaweza kuirudisha wakati wowote, hata kama fedha zimekwisha lipwa. Sheria hiyo tumeiandika ndani ya ombi jipya. Mwalimu wetu wa Kifaransa alituonya kwamba mwamuzi anaweza kuiona kama udhaifu, maana mradi unaweza kupoteza nusu ya sauti zake katikati ya kazi. Tumeiacha.

Ndugu Mwenyekiti, wakati huu si mzuri kwa waombaji. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la USAID, na vyama vingi vilivyokuwa vikisimama kwa fedha zile sasa vinabisha milango ile ile tunayobisha sisi, navyo vina akaunti, magari na wahasibu. Sitawaahidi kwamba tutapata. Tumeomba kiasi kidogo cha kazi ya miezi 12: spika 2, sola ya kuzichaji, kumbukumbu ya kuhifadhia sauti yenye nakala mbili mahali pawili tofauti, posho ya waigizaji 14, na mafunzo ya wasichana 6 wa kurekodi na kukata sauti. Nakala mbili tumezitia makusudi. Mei 2015 redio kadhaa za binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kuharibiwa, nasi hatupendi kazi ya watu wote hawa ikae ndani ya simu moja.

Kinachokosekana sasa ni sahihi mbili za komite na barua ya ONPRA ya kuruhusu maonyesho kwenye mabomba namba 3 na namba 7. Dosie inatakiwa iwe Bujumbura siku ya Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Gari la shirika moja linashuka Alhamisi, na dereva amekubali kubeba bahasha kama itakuwa tayari Jumatano jioni.

Wote waliotoa sauti zao tunawaomba wafike kesho saa kumi, kwenye hangari ya shule, waje kuzisikiliza. Waliobadili mawazo waje pia. Simu itakuwa imechajiwa.